Shajara ya mradi: magari na maegesho kuizunguka bustani ya mtaa wetu, Moshi

Jumamosi, 5 Aprili

Kamati imepatikana. Tuko saba, na mimi nimepewa ukatibu. Serikali ya mtaa imetukabidhi kazi ya kukusanya maoni ya watu kuhusu magari yanayoizunguka bustani, kuyageuza kuwa mapendekezo, kisha kuyapeleka kwa mtendaji wa kata ili yafike kunakohusika. Nitaandika hapa kila hatua ili asiyefika mkutanoni ajue kilichozungumzwa, na ili siku ya siku pasiwe na mtu wa kusema hakuulizwa.

Kwa asiyeijua bustani: ni kiwanja cha jakaranda za zamani, chenye bembea, mabenchi ya zege na bomba moja la maji. Upande wa juu inapita barabara ya haisi. Upande wa chini ni ukuta wa shule ya msingi. Upande wa mashariki kuna kibarabara cha maduka, na geti kubwa la bustani linaangalia huko.

Tabu yote iko hapo getini. Magari yanaegeshwa pande zote mbili za kibarabara, mengine yamepanda njia ya waenda kwa miguu hadi ukingoni mwa mtaro. Katikati yake zinapita kwa kasi haisi zinazokwepa foleni ya barabara ya juu. Mtoto akitoka getini anachomoza kati ya magari mawili. Dereva anamwona akiwa tayari juu ya lami. Mwezi wa pili mwanafunzi wa darasa la tatu aligongwa na pikipiki pale pale, akavunjika mguu. Ameshaanza kutembea, tunamshukuru Mungu. Lakini usiku ule kila mzazi wa mtaa huu alijiuliza kama angekuwa ni wake, na swali hilo ndilo lililozaa kamati.

Mji wenyewe unajaa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 184,292 katika Manispaa ya Moshi. Ya 2022 ikahesabu 221,733. Barabara za katikati ni zile zile za enzi ambazo wenye magari walikuwa wa kuhesabika.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo tumepima, mvua ikitunyeshea. Tepu ya fundi seremala, daftari ndani ya mfuko wa plastiki, watu wawili wakishika ncha na mmoja akisimamisha magari.

Lami ya kibarabara ina upana wa mita 7 na kidogo. Gari dogo likiegeshwa kando linakula mita 2. Yakiegeshwa pande mbili, katikati inabaki mita 3. Ndani ya mita hizo 3 tunataka magari yapishane, jambo lisilowezekana, ndiyo maana kila jioni kuna gari linalorudi kinyumenyume mbele ya geti wanalotokea watoto. Gari la zimamoto lina upana wa kama mita 2 na nusu. Litapenya ikiwa kila mtu ameegesha sawasawa. Yeyote aliyekwishaona moto anajua kwamba siku ya moto hakuna kinachokuwa sawasawa.

Mzee mmoja, mstaafu wa reli, alitukuta tukiweka alama mahali tulipofikiria kupendekeza kivuko cha kuinuliwa. Baada ya shikamoo na marahaba akatuuliza maji tumeyapangia njia gani. Hatukuwa na jibu. Akatuonyesha kwa ncha ya mwavuli: mji wa Moshi umekaa kwenye mteremko, maji yanatoka upande wa mlima kwenda chini, na hapo getini masika yanapita mawili, ya mtaroni na yanayotembea juu ya lami. "Wanangu, mkiinua zege kutoka ukingo hadi ukingo mtakuwa mmejenga bwawa. Na bwawa hilo litafunguka kwenye duka la mama wa vitenge." Tulisimama naye muda mrefu tukiyaangalia maji yenyewe. Yalikuwa yanafanya vile vile alivyosema, yanabeba maua na mchanga, yanakata kona mbele ya geti na kuingia mtaroni kupitia upenyo wa matofali mawili tu.

Kwa hiyo sharti la kwanza la mchoro limeandikwa kabla hata ya mkutano wa kwanza: kivuko chochote kitakachoinuliwa kiachwe wazi kila upande kwenye mstari wa maji, na uwazi huo ufunikwe kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, ili maji yapite na gurudumu la kiti cha mlemavu lisinase.

Alhamisi, 17 Aprili

Fupi. Leo tumejifunza nani mwenye nini, na ni vizuri kila mkazi alijue. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu ilipoanzishwa 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Bustani ni ya manispaa. Njia za haisi na leseni zake ziko LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini. Kumkamata anayekiuka alama ni kazi ya polisi wa usalama barabarani. Maana yake ni kwamba mtaa hauwezi kwenda kupaka hata mstari mmoja mweupe kwa hiari yake. Uwezo wetu ni kupeleka hoja iliyoiva, yenye vipimo na saini za watu, kiasi kwamba mhandisi akiishika asikute swali ambalo hatujalijibu.

Barua ya kumwomba mhandisi atutembelee imekwenda.

Jumapili, 4 Mei

Mkutano mkuu wa mtaa, baada ya ibada. Watu walijaa kuliko tulivyotegemea, mabenchi ya bustani hayakutosha.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alisimama wa kwanza: "Mwenyekiti, mkiondoa maegesho, mteja wangu wa mifuko kumi ya saruji ataibeba kichwani?" Baadhi walicheka, lakini hoja ni ya kweli na nimeiandika kama hoja. Mama wa duka la dawa akasema wagonjwa wake wengine hawawezi kutembea hatua hamsini. Bibi mmoja akataka taa kwanza, mambo ya magari baadaye. Kijana mmoja akaleta wazo la kibarabara kuwa cha njia moja. Kisha akasimama mtu aliyepigiwa makofi kuliko wote: "Wekeni matuta matatu, shughuli imekwisha."

Matuta yanapendwa kwa sababu yanaonekana. Lakini tuta halimwondoi mtoto katikati ya magari mawili yaliyoegeshwa, na tatizo la getini ni kutoonana kabla halijawa la mwendo. Nilijaribu kulisema hilo, sikupewa muda wa kutosha. Litarudi.

Nimepitia daftari la mahudhurio usiku huu. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi waliofikisha miaka 18. Sasa fikiria walio getini kila siku. Watoto wa shule hawajafikisha miaka 18. Vijana wa kijiwe cha bodaboda wanalala Pasua, Majengo na Soweto. Madereva na makonda wa haisi wanatoka kila kona ya mji. Mama lishe wa chini ya mkangazi anakuja na ndoo zake kutoka Njoro. Walioko madukani, wengi ni waajiriwa wanaotoka Rau na kwingineko. Tumepata maoni ya wanaolala hapa. Ya wanaopita na kufanya kazi hapa hatujayapata, na hao ndio watakaoyaishi mabadiliko kuanzia asubuhi hadi jioni. Nimemwambia mwenyekiti kwamba kwangu mimi kazi ya kukusanya maoni bado haijaanza, na amekubali tuongeze wiki.

Jumamosi, 10 Mei

Tumegawana makundi. Kila mjumbe amekwenda kwa watu wake mahali wanapokaa na kwa saa wanayoweza kuzungumza. Hakuna aliyeitwa ofisini.

Kijiwe cha bodaboda. Nilikwenda mimi na mjumbe mmoja saa 4 asubuhi, biashara ikiwa imepoa. Walidhani tumekuja kuwafukuza. Ilichukua kikombe cha kahawa na muda wa kutosha kabla hawajaamini. Mwenyekiti wa kijiwe akasema jambo ambalo hakuna mwenye gari alilisema: wao hukaa mbele ya geti kwa sababu hapo ndipo penye kivuli, na wateja wanajua hapo. Wakipewa kivuli kingine kinachoonekana kutoka barabara ya juu watahama kesho yake. Wakihamishiwa kona isiyoonekana watarudi ndani ya wiki, na yeye mwenyewe hataweza kuwazuia. Hilo ni sharti la pili la mchoro.

Haisi. Makonda wawili walieleza kwa nini wanapita kibarabarani: kituo cha barabara ya juu kimebanwa na magari yaliyoegeshwa, haisi haiwezi kuingia ikasimama vizuri, inasimama katikati, foleni inafunga, na wa nyuma wanakata kupitia bustani. Nimelichora jambo hili kwenye karatasi. Ukikiachia kituo cha juu nafasi yake, unapunguza magari getini bila kumkataza mtu.

Mama lishe anataka jambo moja: gari lisisimame likiunguruma, moshi ukiingia kwenye sufuria.

Shuleni tulipewa darasa la sita na mwalimu wao. Tulinyoosha kamba mbili uwanjani. Gari la kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha sheria ya usalama barabarani kwenye maeneo ya makazi, linatembea karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akishtuka kwa sekunde moja ndipo akanyage breki, kwenye lami kavu atasimama baada ya kama mita 28. Kwa kilomita 30 kwa saa ni kama mita 13. Watoto wakapanga mstari kwenye kamba ndefu, wakahesabu ni wangapi wanasimama kati ya ncha ya kamba fupi na ncha ya kamba ndefu. Walifika nusu ya darasa. Msichana mmoja akainua mkono: "Mwalimu, kwa nini lori na daladala zisiwe na kamba fupi kila mahali?" Mwalimu alimwambia aandike swali lake kwenye karatasi ya maoni, na ameandika. Limo kwenye jalada.

Halafu watoto wakatuchorea njia wanazopita. Hakuna hata mmoja anayevukia pale penye alama ya zamani ya zebra. Wote wanavuka moja kwa moja kutoka getini kwenda kwenye duka la ubuyu na barafu. Basi kivuko kinatakiwa kiwe hapo. Mstari ukichorwa mbali na njia ya mtoto, mtoto hataufuata.

Jumamosi, 24 Mei

Hesabu ya maegesho. Vijana wa mtaa wameandika namba za magari yaliyoegeshwa kibarabarani kila baada ya nusu saa, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, siku ya kazi na siku ya Jumamosi. Waliandika tarakimu tatu na herufi za mwisho tu, na rangi ya namba: ya njano ni gari binafsi, nyeupe ni la biashara. Wakaongeza safu moja: linahama au linakaa.

Matokeo yamewashangaza wenye maduka kuliko mtu yeyote. Nafasi nzuri, zile za mbele kabisa ya milango, nyingi zilishikwa na magari yale yale kutoka asubuhi hadi jioni. Tulipouliza ni ya nani, ni ya wenye maduka wenyewe na wafanyakazi wao, na mengine ya watu wanaoyaacha hapa wakaenda zao mjini kwa miguu au kupanda basi la Arusha.

Piga hesabu. Nafasi moja ya kuegesha kwa saa 10 inaweza kumpokea mteja mmoja baada ya mwingine, kila mmoja nusu saa, wakafika 20. Au inaweza kulala na gari moja. Mwenye duka anayepigania maegesho kwa ajili ya wateja, huku gari lake limekaa hapo toka saa 2 asubuhi, anajinyima mwenyewe. Tulilisema hili taratibu na kwa heshima, duka kwa duka, tukiwa na daftari mkononi. Mangi wa vifaa vya ujenzi aliliangalia daftari muda mrefu, akaiona namba ya pikapu yake kila nusu saa, mstari baada ya mstari. Akasema, "Hii nimeielewa." Tangu hapo amekuwa msaada mkubwa kwa kamati.

Wateja wake wa saruji hawajasahaulika. Tumekubaliana naye nafasi mbili za kushusha na kupakia mbele ya duka, za dakika 20, na fuso za mzigo mkubwa zije kabla ya saa 2 asubuhi.

Jumamosi, 14 Juni

Wiki za kusubiri. Nakala ya barua yetu haikuonekana kwenye ofisi moja iliyotakiwa kuipokea, tukaandika nyingine. Safari hii tumegonga muhuri wa mapokezi kwenye nakala yetu. Kila kamati ifanye hivyo toka barua ya kwanza.

Jumamosi, 5 Julai

Mhandisi amekuja. Alitembea kibarabara chote, akasikiliza, akapima tena kwa kifaa chake na vipimo vyetu vikakaa. Aliuliza kuhusu maji kabla ya kitu kingine chochote, tukampa sharti la mzee wa reli likiwa limechorwa. Nilifurahi mno.

Michoro mitatu imebandikwa ukutani kwenye ofisi ya mtaa, kwenye geti la bustani na kwenye mti wa kijiwe. Mchoro wa kwanza unaacha mambo yalivyo na kuongeza matuta na rasta, yaani vijituta vidogo vinavyofuatana. Wa pili unafanya kibarabara kuwa cha njia moja, kushuka tu, na maegesho yabaki upande wa maduka peke yake. Wa tatu unakifunga kibarabara kabisa kwa magari siku za mwisho wa wiki.

Hesabu ya mchoro wa pili ni nyepesi: mita 7 toa mita 2 za maegesho upande wa maduka, toa mita 3 na nusu za gari kupita, inabaki mita 1 na nusu ya kupanua njia ya waenda kwa miguu upande wa bustani. Kiti cha magurudumu na mama mwenye mtoto mgongoni wanapishana humo. Gari la kuegesha sambamba na ukingo linataka urefu wa kama mita 6, hivyo tunapoteza nafasi za upande mmoja. Lakini zikitumika kwa zamu, nafasi zinazobaki zitahudumia watu wengi kuliko zote za sasa.

Mbele ya geti panaachwa wazi kabisa, mita 10 kila upande, zimezuiwa kwa nguzo fupi ili dereva na mtoto waonane. Nafasi mbili za watu wenye ulemavu ziko karibu na duka la dawa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya 2010, na mtaa wetu haujawahi kuwa na nafasi hata moja ya namna hiyo. Kijiwe kinahamia kona ya juu chini ya jakaranda kubwa, mahali panapoonekana toka barabara ya haisi.

Mimi nauunga mkono wa pili na sijaficha hilo kwa mtu. Wa tatu ninauheshimu, vijana wengi wanautaka, ila mgonjwa wa duka la dawa anaugua hata Jumamosi.

Jumapili, 3 Agosti

Jaribio limeanza, kwa kibali cha wahusika, na mgambo wa kata yupo. Tumechora mchoro wa pili juu ya lami yenyewe kwa chokaa, kama wanavyochora uwanja wa mpira: kamba imevutwa, kopo lenye matundu chini, kijana anatembea akilitikisa. Penye nguzo fupi tumeweka matairi ya zamani yaliyopakwa rangi nyeupe na watoto wa darasa la sita. Mishale ya njia moja imeandikwa kwenye mbao.

Siku ya kwanza ilikuwa vurugu. Madereva wa mazoea walipandisha kinyume, wengine walisogeza matairi. Mjumbe wetu mmoja, mama mtu mzima, alisimama kwenye kona ya chini tangu asubuhi akimweleza kila dereva kwa upole: "Mwanangu, hapa sasa tunashuka, zunguka huku juu." Wengi walimwitikia "sawa mama" na kugeuza. Sauti yake ilifanya kazi kuliko mbao zetu zote.

Jumapili, 10 Agosti

Chokaa inafutika, tunaichora upya kila jioni. Tunayoyaona:

Haisi zimepungua sana kibarabarani, kwa sababu kituo cha juu kimeachwa wazi na njia ya mkato haiwafikishi tena wanakotaka.

Kijiwe kimehama na kimekaa. Mwenyekiti wao ametimiza neno lake.

Magari ya kutwa yamehamia mitaa ya jirani. Hili ni zito. Wakazi wa barabara ya nyuma wamekuja kulalamika kwamba sasa wao ndio wanaozibiwa mageti, na wana haki. Tumekwenda kuongea nao na tumeanza kuandika namba za magari huko pia.

Jumamosi yalikuja maharusi watatu kupiga picha, kila mmoja na msafara wake. Mtu wa Moshi anajua maana yake: pikapu ya matarumbeta mbele, kamera imetoka dirishani, magari yenye maua nyuma, na wote wanataka kusimama getini kwa wakati mmoja. Msafara wa kwanza ulisimama penye mita 10 za wazi na hakuna aliyethubutu kuwafukuza maharusi. Wa pili tukawapokea tukiwa tumejipanga: bibi harusi na bwana harusi washuke getini, magari yateremke yakasubiri kando ya ukuta wa shule, ambako Jumamosi hakuna wanafunzi. Matarumbeta wakaingia bustanini kwa miguu wakipiga. Watoto waliacha bembea wakawafuata. Mpiga picha akasema picha zimekuwa nzuri zaidi kwa sababu nyuma ya maharusi hakuna magari. Tumeuandika utaratibu huo uwe sehemu ya mapendekezo.

Jumapili, 31 Agosti

Mkutano wa pili, na safari hii mwenyekiti aliwaalika rasmi wasio wakazi waje kusema, ingawa kura ni ya wakazi. Kijiwe kilituma watu, makonda walikuja, mama lishe alifunga biashara kwa saa moja, na darasa la sita lilisoma karatasi zake.

Mchoro wa pili umepita kwa kura nyingi, na masharti haya yameongezwa na mkutano wenyewe: kikomo cha kilomita 30 kwa saa kwenye kibarabara na mbele ya shule; barabara ya nyuma iingizwe kwenye mpango, isiachwe ibebe mzigo wa mbele; saa za ibada Ijumaa na Jumapili ukuta wa shule utumike kwa maegesho ya waumini kwa makubaliano na mwalimu mkuu; na mwezi wa Desemba uwe na utaratibu wake. Desemba hapa si mwezi wa kawaida. Wachaga wanarudi nyumbani kwa Krismasi, kuanzia katikati ya mwezi magari kutoka Dar es Salaam yanaingia usiku na mchana, na mpango uliotulia Agosti unaweza kusambaratika kwa wiki mbili.

Kuna waliopinga hadi mwisho. Mwenye gereji ndogo ya kona ya chini anasema njia moja itamkosesha magari yanayopandisha. Sikubaliani naye kuhusu bustani, ila kuhusu gereji yake huenda yuko sahihi, na maelezo yake yameambatishwa kama alivyoyasema, bila kupunguzwa neno.

Jumamosi, 13 Septemba

Jalada limepita kamati ya maendeleo ya kata na limepokelewa, muhuri upo kwenye nakala yetu. Ndani yake kuna vipimo, daftari la namba za magari, michoro, maoni ya makundi yote, picha za jaribio na maoni ya wapinzani.

Yaliyobaki: wavu wa chuma wa kivuko haujapata bei ya uhakika, mafundi wawili wa Mbuyuni wametoa makadirio yanayotofautiana mno na tunamtafuta wa tatu. Taa aliyoiomba bibi toka mkutano wa kwanza imeombwa manispaa kwa barua yake peke yake, ili isisubiri mambo ya barabara. Barabara ya nyuma inapimwa Jumamosi ijayo saa 3 asubuhi. Wakazi wa huko wanaombwa waache mageti wazi ili tepu ifike ndani ya ukingo. Matairi meupe yanabaki mbele ya geti hadi nguzo zije, na darasa la sita limeomba kuyapaka rangi upya kabla ya mvua za vuli. Rangi ipo, brashi hazitoshi. Mwenye nayo aifikishe ofisi ya mtaa.